Nyundo ya Matondoni Ilichelewa

Ujumbe wa sauti uliingia saa nne usiku, nimekaa barazani na kikombe cha kahawa chungu. Ni dairekta, yuko Nairobi, na nyuma yake nasikia honi za matatu. "Dada, muziki mzuri sana, mashallah. Ila mwisho wa filamu ile nyundo inachelewa. Ama wewe ndiye unayewahi. Hebu sikiliza, halafu uniambie."

Nyundo haikuchelewa. Nyundo ilipigwa Matondoni, mchana kweupe, na fundi aliyekuwa akitia kalafati kwenye ubavu wa jahazi, na kamera ikaishika. Kitu kilichokwisha kupigwa hakiwahi tena wala hakichelewi. Aliyewahi ni mimi. Muziki wangu ulipanda, ukafika kileleni, ukakata, na baada ya hapo, katika kimya nilichokuwa nimekipanga kwa mahaba makubwa, ndipo nyundo ya mwisho ikaanguka. Ko. Sekunde moja na nusu baadaye. Ukitaka kujua sekunde moja na nusu ni ndefu kiasi gani, mwambie mtu utani kisha usubiri acheke.

Nieleze kwanza nilifikaje hapo, maana filamu si kazi niliyoizaliwa nayo. Mimi ni mpiga kinanda. Miaka mingi nimepiga kwenye kundi letu la kina mama hapa Lamu, harusi za Langoni na Mkomani, na mara moja moja Shela, tukivuka na vyombo kwenye mashua huku kinanda kimefunikwa nailoni. Mchana nafundisha watoto. Muziki wa kompyuta nilijifunza polepole, kwa kutengenezea waimbaji vijana mapigo ya kuimbia. Kisha akaja huyu dairekta na filamu yake ya dakika 26 kuhusu mafundi wa majahazi wa Matondoni, akasikia kitu changu kimoja kwenye simu ya mtu, akaniuliza kama naweza kuijazia filamu muziki. Nikasema naweza. Mtu wa pwani akiulizwa kama anajua kuogelea hasemi ngoja nifikirie.

Programu niliyokuwa nayo wakati ule sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na kwa kazi yake ya kutengeneza biti ni programu nzuri mno. Ila nilipoipa video, mashine ilisimama. Nina kipakatalishi cha mtumba kilichotoka Mombasa, chenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na feni yake siku hizi inanguruma kama injini ya boti ya abiria. Video ilikuwa inaruka, sauti inakatika. Nikaamua kuitazama filamu kwenye simu, na muziki niutengeneze kwenye kompyuta bila picha. Dairekta alikuwa amenitumia orodha ya sehemu muhimu, kila moja na saa yake: hapa mzee anainua kichwa, hapa kamba inakazwa, hapa nyundo ya mwisho. Nikazichukua zile saa, nikaziweka kwenye programu yangu, nikapanga muziki uangukie hapo. Dakika za mwanzo zilikaa vizuri. Kadiri filamu inavyokwenda, ndivyo muziki ulivyozidi kutangulia.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Zile saa zilikuwa taimukodi, yaani namba ambazo kila fremu ya video, yaani kila picha moja, huandikiwa, saa, dakika, sekunde na fremu. Mimi nilizisoma kama saa ya ukutani. Sasa, kamera yake ilikuwa imewekwa fremu 23.976 kwa sekunde. Kwenye menyu za kamera nyingi huandikwa 24 au 23.98, na mtu hubonyeza bila kuuliza, kwa kuwa huo ndio "mwonekano wa sinema." Taimukodi lakini haijui kuhesabu fremu zenye vipande. Yenyewe huhesabu 24, kisha husema sekunde imetimia. Kwa hiyo kila sekunde ya taimukodi ni ndefu kuliko sekunde ya kweli kwa sehemu moja katika elfu. Sehemu moja katika elfu ni kitu gani? Katika dakika kumi ni sekunde 0.6. Katika dakika 25, pale nyundo ilipoanguka, ni sekunde 1.5.

Nilipofuatilia hiyo .976 imetoka wapi, nikacheka peke yangu. Mwaka 1953 Wamarekani walipoingiza rangi kwenye televisheni zao, waliona ishara ya rangi inagombana na ishara ya sauti. Ili zisigombane wakapunguza mwendo wa picha kidogo sana, kutoka fremu 30 kwa sekunde hadi 29.97. Filamu za fremu 24 nazo zikabidi zifuate, zikawa 23.976. Sisi huku umeme wetu ni wa hezi 50 na televisheni yetu imerithi fremu 25 kwa sekunde, namba nzima isiyo na maneno. Angepiga kwa 25, taimukodi na saa ya ukutani zingekuwa kitu kimoja, nami ningepona. Lakini hakupiga kwa 25. Deni la Marekani la mwaka 1953 likaja kulipwa na mimi, Langoni, usiku.

Basi hapo ndipo nilipoanza kutafuta programu nyingine. Na hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na vijana wetu.

Kila niliyemwuliza alinijibu kuhusu sauti. Hii ina piano nzuri. Ile ina okestra. Kijana mmoja aliniletea flashi yenye programu ya kraki, ya bei ya mamia ya dola, pamoja na maktaba za sauti za kujaza diski nzima, akaniambia, "Auntie, hii ndiyo wanayotumia Hollywood." Nikaichomeka, mashine ikashikwa na homa ya virusi, nikapoteza Ijumaa nzima nikiisafisha. Siwahukumu. Dola 500 hapa si pesa ya mzaha. Ila kwa kazi ya filamu swali la sauti lilikuwa la mwisho kabisa kwenye orodha yangu. Sauti ninazo. Nimezaliwa mji wa mpiga udi Zein l'Abdin, jirani yangu anapiga udi, shangazi yangu anapiga vugo. Nisichokuwa nacho ni programu inayoishika picha na kuniambia ukweli kuhusu wakati.

Nikaanza kuuliza maswali mengine. Je, picha inatembea ndani ya programu bila kukwama, na nikiburuza nyuma inanifuata? Je, naweza kuiambia programu kwamba filamu hii ni 23.976, na inaanzia 01:00:00:00 ya taimukodi, kama wahariri wengi wanavyopenda ianze? Je, tempo, yaani mwendo wa mapigo, inapinda? Hili la tempo ndilo lililonishughulisha zaidi, nitalirudia. Na mwisho: dairekta akikata sekunde nne katikati ya filamu, maana atakata, je, nitaweza kukata sekunde nne zile zile kwenye muziki wote bila kubomoa kila kitu?

Nilisoma na kujaribu kwa muda wa miezi mitatu hivi, hasa usiku, wakati mtandao ni mwepesi na bando la usiku ni rahisi.

Logic Pro niliipenda kwa bei: dola 199.99, unalipa mara moja. Ina maktaba kubwa ya sauti ndani yake, na tangu 2018 ina kitu kinachoitwa Smart Tempo, kinachosikiliza mchezo wa mtu na kuitengenezea ramani ya tempo. Kwa watu wa ngoma kama sisi hiyo ni neema. Lakini ni ya kompyuta za Apple tu. Apple ilipoinunua kampuni ya Emagic mwaka 2002, toleo la Windows likafa. Kwa hiyo bei ya kweli ya Logic, kwangu, ni dola 199.99 pamoja na Mac.

Cubase ni ya Steinberg, Wajerumani wa Hamburg, sasa chini ya Yamaha. Hao ndio waliotuletea VST mwaka 1996, ule mpango uliowezesha vichuja sauti, na baadaye ala, za mtengenezaji mmoja kufungukia kwenye programu ya mwingine. Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu, anaitumia, na nilipoijaribu nikaelewa sababu. Nilipenda hasa kitu kimoja ambacho wenzangu wa Ulaya pengine hawakitazami: kile kifaa cha kupotosha noti, ambapo unaichukua kila noti kati ya kumi na mbili za kinanda na kuishusha au kuipandisha kwa senti unazotaka, na senti hapa ni sehemu moja ya mia ya nusu-sauti. Mpiga taarab anajua nasema nini. Maqam ya Bayati bila ile robo sauti ni chai bila tangawizi. Vinanda vya Kiarabu tunavyopigia harusini vina vitufe vyake vya robo sauti, lakini programu nyingi za kompyuta huona dunia nzima imepimwa kwa funguo nyeupe na nyeusi. Cubase inaliweza hili, kila traki peke yake. Toleo kubwa ni karibu dola 580. Zimmer ana wasaidizi na vyumba vya mashine. Mimi nina punda dirishani.

Pro Tools nilijua mapema kwamba si yangu, ingawa nilipaswa kuielewa. Tangu miaka ya tisini imekuwa ndiyo lugha ya vyumba vya kuchanganyia sauti za filamu. Mchanganyaji sauti wa filamu yetu, huko Nairobi, anafanya kazi ndani yake. Mwanzo nilidhani hiyo inamaanisha nami lazima niwe nayo. Nikampigia simu, nikamwuliza kwa adabu. Akaniambia, "Mama, wewe nitumie tu mafaili ya WAV, kilohezi 48, biti 24, yote yaanze sehemu moja. Ulipikia jiko gani mimi sina haja ya kujua." Jibu hilo liliniokolea pesa nyingi. Watu hugombana kuhusu programu kana kwamba msikilizaji ataziona.

Iliyonitia tamaa kweli ni Digital Performer, ya kampuni ya MOTU kule Massachusetts. Danny Elfman, mtunzi mwingine wa muziki wa filamu, ni mtu wake. Ina vitu viwili vilivyobuniwa na watu waliowahi kukaa mbele ya picha wakilia. Cha kwanza, faili moja linabeba vipande vingi vya muziki, kila kimoja na tempo yake na mwanzo wake, vyote vikitazama video moja. Cha pili, unaziwekea alama sehemu zako muhimu, kisha unaiuliza: tempo gani itazigusa nyingi zaidi? Nayo inapiga hesabu, inakupa orodha. Nilikaa na toleo la majaribio nikiitazama ile orodha kama mtu anayetazama duka la dhahabu akiwa njiani kwenda kununua unga.

Nikaishia Reaper. Inatoka kampuni ndogo ya Cockos, na aliyeianzisha, Justin Frankel, ndiye yule yule aliyetupa Winamp, kwa wale tuliosikiliza kaswida za MP3 kwenye saibakafe. Faili la kuisakinisha halifiki hata megabaiti 30. Unaitumia siku 60 ikiwa nzima, kisha unalipa dola 60 kama kipato chako cha mwaka kwa kazi hiyo hakizidi dola 20,000. Changu hakizidi. Kwa kiwango cha shilingi 129 ni chini kidogo ya shilingi elfu nane. Ndani yake haina ala za maana. Sura yake inafanana na fomu ya kuombea kitambulisho. Kwenye Windows haina hata macho yake mwenyewe, huazima ya programu nyingine, kama VLC, ili ionyeshe video. Lakini inawaka haraka, haiilemei mashine yangu, na ukiiambia 23.976 inaelewa 23.976.

Video yenyewe bado ilikuwa inakwama mwanzoni, na hapa nina jambo la kumsaidia mwenzangu mwenye mashine dhaifu. Faili la H.264, aina ile inayotumwa kwenye simu, halihifadhi kila picha. Linahifadhi picha moja nzima, kisha kwa zinazofuata linaandika tu kilichobadilika. Ni kama mtoto wa chuoni aliyehifadhi sura kwa kuimba: mwulize aya ya katikati, utaona midomo inacheza, anarudi mwanzo kimyakimya mpaka aifikie. Ukiburuza video nyuma na mbele, kompyuta inafanya hivyo hivyo mara mia. Dawa ni kuibadilisha iwe aina inayohifadhi kila fremu nzima, kama DNxHD au ProRes Proxy, na kuipunguza hadi mistari 720. Faili linakuwa kubwa, gigabaiti kadhaa, kwa hiyo usimwombe dairekta akutumie hilo, bando litakwisha. Mwache atume dogo, ulibadilishe mwenyewe nyumbani, ulale, uamke limekwisha.

Sasa tempo.

Mwisho wa filamu jahazi linashuliwa. Wanaume wamejipanga pande mbili, kamba zimekazwa, kiongozi anaita na wenzake wanaitikia, chombo kinasogea juu ya magogo kama bibi harusi asiyetaka kutoka. Kutoka nyundo ya mwisho hadi mkuku kugusa maji ni sekunde 43. Safari hii dairekta alitaka muziki uanze na ile nyundo na ukatike pale pale maji yanapoguswa, isikike bahari tu.

Nilitaka vugo. Ukiwa hujui, vugo ni pembe za nyati zinazopigwa kwa kijiti, na hapa kwetu ni ngoma ya wanawake, ya harusi. Nikaenda kwa shangazi. Akanitazama kwa muda.

"Kwani chombo chaoa?"

"Shangazi, chaenda baharini mara ya kwanza. Kina mama wa harusi si ndio wasindikizao?"

Akanyamaza, akatia sukari kwenye chai yake, akakoroga. "Nani atatuona?"

"Hapana kamera. Ni sauti peke yake."

Hili lilikuwa sharti, na nilikuwa nimelijua kabla ya kuuliza. Wanne walikubali, akiwamo yeye.

Kabla ya kurekodi nilifanya hesabu. Vugo lile linakwenda kwa mzunguko wa mapigo sita madogo. Nikilichukua kwa mapigo 150 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.4, na ndani ya sekunde 43 yanaingia mapigo 107 na nusu. Nusu pigo! Mkuku utagusa maji katikati ya hatua, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Mapigo 108 yangekuwa mizunguko 18 kamili. Tempo ya 150.70 inatosha kuyafikisha, na hakuna sikio la binadamu litakaloitambua ile .70. Zamani za mkanda wa filamu watu walitoboa matundu kwenye njia ya sauti, tundu moja kila baada ya fremu kadhaa, ili mpigaji asikie kliki. Fremu 12 kwenye mwendo wa 24 zilikuwa mapigo 120. Wao walihesabu matundu, mimi naandika namba, hesabu ni ile ile.

Ila wanawake wanne wenye pembe hawapigi 150.70. Niliwapa kliki kwenye vichwa vya sauti, shangazi akavivua baada ya mizunguko miwili. "Hiki kidude chanipigia kelele masikioni." Nikaiondoa kliki. Nikawaambia tu: mizunguko kumi na minane, kisha nyamazeni.

Tulirekodia ndani kabisa, chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi, kuta za matumbawe za upana wa mkono mzima na zidaka ukutani zinazoivunja sauti isirudi na mwangwi. Feni tukaizima. Madirisha tukayafunga na kuyatundikia mkeka na leso. Baada ya swala ya isha mji ulipotulia tukaanza, na katika mzunguko wa kumi na mmoja punda akalia kichochoroni, kilio kile kirefu chenye kupanda na kushuka kama anayefundisha maqam. Tukarudia. Mara ya tatu alikuwa kimya, wao wakiwa wameshaloa jasho, na hapo ndipo walipopiga kile nilichokuwa nakitafuta. Kilianza kwa uzito, kikaongeza mwendo mzunguko wa tano, kikavuta pumzi kidogo kwenye wa kumi na mbili, kikamalizia kwa nguvu. Sekunde 42.1. Nikauvuta mchezo wote kwa asilimia mbili hivi ukafika 43 bila sauti za pembe kubadilika.

Na hapa ndipo programu ilipolipa zile dola 60. Kwenye kila mwanzo wa mzunguko niliweka alama ya tempo mahali pembe ilipoangukia kweli, na kuiacha gridi, ile mistari ya mapigo ya programu, ipinde kuzifuata pembe. Mzunguko mmoja ukawa 146, mwingine 155. Nikaongeza nyuzi za fidla na besi kutoka BBC Symphony Orchestra Discover, ile maktaba ndogo ya Spitfire Audio yenye megabaiti 200 hivi, ambayo kaka yake mkubwa anakula gigabaiti 600. Nyuzi zile, ingawa ni za kompyuta, zikawa zinaenda na shangazi, zikiharakisha anapoharakisha. Zingeshikilia 150.70 tangu mwanzo mpaka mwisho, ungesikia pande mbili zinavutana. Udi sikuutafuta kwenye maktaba yoyote. Jirani alikuja, akakaa, akapiga Bayati yake na robo sauti zake, akanywa maji, akaenda.

Dairekta alikata sekunde nne, bila shaka. Si mwishoni, alhamdulillahi, ni kwenye dakika ya tisa, mzee mmoja alikuwa amerudia maneno. Ujumbe ulinikuta umeme umekatika, betri iko asilimia 30. Nikachagua zile sekunde nne, nikazikata kwenye traki zote kwa pamoja, na alama za tempo zikasogea na muziki. Nikasikiliza mahali palipoungwa, palikuwa na mkwaruzo, nikapunguza nyuzi kidogo pakapona. Dakika kumi. Kwenye ile programu yangu ya kwanza ningelia.

Kutuma kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Watu wa studio huita stemu: vugo faili lake, nyuzi lake, udi lake, vivumo vya chini lake, yote yakianzia sehemu moja, na sekunde mbili kabla ya filamu kuanza mlio mfupi wa fremu moja ili mchanganyaji aone kama kila kitu kimekaa. Alinipigia kuniambia mlio umekaa pale pale. Ukubwa wa sauti nilimwachia yeye. Televisheni za Ulaya zinataka -23 LUFS, Netflix wana kipimo chao, na yeye ndiye mwenye mazungumzo na simulizi ya kuupatanisha muziki wangu nayo. Jambo moja tu alinionya, na ni la kweli: usitengeneze kwa 44.1 kwa mazoea ya CD. Faili la 44.1 likichezwa kwa bahati mbaya kana kwamba ni 48, muziki unakimbia karibu asilimia tisa na kupanda sauti kama nusu-sauti moja na nusu. Udi wa jirani ungesikika kama wa mtoto.

Filamu ilipokamilika nilimwonyesha shangazi, kwenye kipakatalishi changu, juu ya meza ya chakula, kopo la pilipili likiwa limeshika skrini isianguke. Alitazama mafundi kimya. Alitaja majina ya wawili. Nyundo ya mwisho ikaanguka, ko, vugo likaanza hapo hapo, na kamba zikakazwa. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Kwenye mzunguko wa kumi na mbili akainua kidole.

"Hapa nilichelewa," akasema.

"Ndiyo."

Akasikiliza tena, fidla zikivuta pumzi pamoja naye.

"Na hawa wenye fidla wakaningoja."

Kisha mkuku ukagusa maji, na ikabaki bahari.